Hedifoni Wazi za Bei Nafuu: Starehe, Sauti na Marekebisho ya Nyumbani

Hedifoni zimekuwa bidhaa ya kila siku. Mwanafunzi huzitumia kufuatilia masomo, fundi cherehani husikilizia redio huku akishona, na kijana anayetengeneza muziki chumbani kwake huzitegemea kama seremala anavyotegemea futi kamba. Miongoni mwa zile zinazouzwa madukani ipo aina moja ambayo walaji wengi huinunua bila kuielewa vizuri, kisha huilaumu kwa kasoro ambazo si zake. Aina hiyo ni hedifoni wazi.

Makala haya yanaeleza hedifoni wazi ni kitu gani, inamfaa nani, namna ya kuikagua dukani, na marekebisho madogo ambayo mlaji anaweza kuyafanya nyumbani bila kupoteza dhamana yake. Lengo letu ni kumwepusha mlaji na hasara mbili: kununua kifaa kisichomfaa, na kukitupa kifaa kizuri kilichohitaji marekebisho ya dakika kumi.

Tungependa msomaji ashike jambo moja tangu mwanzo. Katika hedifoni wazi, starehe na sauti ni kitu kimoja. Namna kifaa kinavyokaa kichwani ndiyo inayoamua, kwa sehemu kubwa, kitasikika vipi. Kwa hiyo kabla ya kuilaumu spika, kagua mto.

Hedifoni wazi ni nini?

Ndani ya kila kikombe cha hedifoni mna spika ndogo. Spika hiyo ina kiwambo chembamba kilichounganishwa na koili ya waya iliyo karibu na sumaku. Umeme unaotoka kwenye simu au redio unapopita katika koili, kiwambo hutikisika mbele na nyuma, na mtikisiko huo ndio sauti. Kiwambo kinapoisukuma hewa kuelekea sikioni, huivuta pia hewa iliyo nyuma yake. Kwa hiyo kila spika hutoa sauti pande mbili kwa wakati mmoja.

Katika hedifoni iliyozibwa, sauti ya nyuma hubaki imefungiwa ndani ya kikombe. Katika hedifoni wazi, mgongo wa kikombe una wavu au matundu, na sauti ya nyuma hutoka nje. Matokeo yake ni sauti yenye nafasi, mfano wa mtu anayeimba barazani badala ya mtu anayeimba ndani ya kabati. Masikio nayo hupata hewa, hivyo joto hupungua. Kati ya aina hizi mbili ipo ya tatu, iitwayo nusu wazi, ambayo mgongo wake una matundu machache.

Aina hii si ngeni. Mwaka 1968 kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani iliingiza sokoni hedifoni ya HD 414, iliyokuwa nyepesi, yenye mgongo wazi na sponji za rangi ya manjano. Ziliuzwa zaidi ya milioni 10. Mwaka 1984 kampuni ya Koss ya Marekani ilileta Porta Pro, hedifoni ndogo ya kukunja ambayo bado inatengenezwa. Leo, katika kundi la bei ya chini au ya wastani, wasikilizaji wa nchi nyingi wanazifahamu pia Grado SR60 na Philips SHP9500, ambazo ni wazi, pamoja na Superlux HD 681 na Samson SR850, ambazo ni nusu wazi. Tunazitaja kama mifano tu. Hatupendekezi chapa yoyote.

Je, inakufaa?

Sifa inayoifanya hedifoni wazi ipendeze ndiyo hiyo hiyo inayoifanya isifae mahali pengi. Kwa kuwa sauti hutoka nje, aliye karibu nawe atasikia unachosikiliza. Kwa kuwa mgongo hauzuii kitu, kelele za nje nazo huingia bila kipingamizi.

Hedifoni hii inamfaa mtu anayesikiliza mahali patulivu: nyumbani, katika chumba cha kujisomea akiwa peke yake, au ofisini kwake mlango ukiwa umefungwa. Inamfaa anayevaa hedifoni kwa saa nyingi na kusumbuliwa na joto. Inamfaa pia mzazi anayetaka kusikiliza huku akiendelea kumsikia mtoto chumba cha pili.

Haimfai mtu anayesikiliza ndani ya daladala, sokoni, kwenye karakana au jirani na jenereta. Katika mazingira hayo mlaji hulazimika kupandisha sauti mpaka iishinde kelele, na hapo ndipo masikio yanapoanza kudhurika. Haifai pia katika maktaba, katika bweni la watu wengi, wala kwa mazungumzo ya siri. Mlaji ambaye sehemu kubwa ya usikilizaji wake ni safarini afadhali anunue hedifoni iliyozibwa, hata kama muuzaji ataisifia nyingine kwa uzuri wa sauti.

Kabla ya kulipa

Tunawashauri walaji wafanye ukaguzi ufuatao dukani. Wote hauzidi robo saa, na muuzaji mwaminifu hatakataa.

Kwanza, hakikisha kwamba hedifoni iliyoandikwa kuwa ni wazi ni wazi kweli. Kuna hedifoni zenye wavu wa mapambo mgongoni, ilhali nyuma ya wavu huo pamezibwa kwa plastiki. Zivae bila kupiga muziki, kisha mwombe muuzaji azungumze kwa sauti ya kawaida. Kama ni wazi, utamsikia karibu kama vile hukuvaa kitu. Halafu piga muziki na ufunike migongo ya vikombe kwa viganja bila kuvikandamiza kichwani. Sauti ya hedifoni wazi itabadilika papo hapo na kuwa nzito au ya kufubaa. Kama hakuna kinachobadilika, hiyo si hedifoni wazi, hata sanduku liseme nini.

Pili, soma kipimo cha ukinzani, ambacho huandikwa kwa omu. Hedifoni ya omu 32 au 60 kwa kawaida huendeshwa na simu bila taabu. Hedifoni ya omu 250 au 300 kwa kawaida huhitaji amplifaya. Ikiunganishwa moja kwa moja na simu, sauti yake yaweza kuwa ndogo na dhaifu. Mlaji asiyejua hili hudhani ameuziwa kifaa kibovu.

Tatu, tazama plagi. Hedifoni nyingi za aina hii hutumia plagi ya milimita 3.5, na nyingine huja na plagi kubwa ya milimita 6.35. Simu nyingi za siku hizi hazina tundu la milimita 3.5, hivyo utahitaji kiunganishi cha kuchomeka kwenye tundu la chaji. Ulizia bei yake kabla hujajumlisha gharama.

Nne, tazama waya na mito. Waya unaochomoleka ukikatika hubadilishwa kwa dakika moja. Waya uliojengewa ndani ukikatika unahitaji fundi mwenye mkono mwepesi. Vivyo hivyo, ulizia kama mito inatoka na kama ya akiba inapatikana. Mito ndiyo sehemu inayochakaa kwanza, na kuna miundo ambayo mito yake haikukusudiwa kubadilishwa.

Tano, sikiliza sauti ya mtu mmoja anayezungumza, kwa mfano msomaji wa taarifa ya habari. Sauti hiyo inapaswa kusikika katikati ya kichwa. Ikielemea upande mmoja, igeuze hedifoni, kikombe cha kushoto kiende sikio la kulia. Kama mwelemeo nao utahamia upande wa pili, tatizo liko kwenye hedifoni au kwenye simu, basi jaribu kwa simu nyingine. Kama mwelemeo utabaki pale pale, hedifoni haina kosa, na ni vyema umwone daktari wa masikio.

Sita, ivae kwa dakika kumi mfululizo. Dakika ya kwanza kila hedifoni ni nzuri. Maumivu ya utosini na kubanwa taya huanza baadaye.

Starehe ndiyo mwanzo wa sauti

Hedifoni hugusa kichwa mahali pawili: utosini kupitia upinde, na kuzunguka masikio kupitia mito. Ikibana mno, huumiza taya na kichwa. Ikilegea mno, huteleza, na mito huacha mwanya kati yake na ngozi.

Mwanya huo ndio chanzo cha malalamiko mengi kuhusu besi. Sauti nene huhitaji hewa iliyo kati ya kiwambo na sikio isukumwe pamoja. Pakiwa na upenyo, hewa hiyo hukimbilia nje na besi hutoweka, ilhali sauti nyembamba hubaki. Hedifoni wazi tayari ina besi ndogo kuliko iliyozibwa, hivyo upenyo mdogo tu huonekana kama kasoro kubwa.

Kipimo chake ni rahisi. Piga wimbo wenye gitaa la besi au ngoma nzito. Kandamiza vikombe vyote viwili kichwani kidogo sana kwa vidole. Kama besi itaongezeka ghafla, spika yako ni nzima. Tatizo ni mto usiokaa sawasawa. Kama hakuna kinachoongezeka, huo ndio uwezo wa hedifoni yenyewe.

Mambo ya kawaida ya maisha huleta mwanya huu. Mikono minene ya miwani huunyanyua mto. Rasta na misuko mikubwa huufanya mto ulalie nywele badala ya ngozi. Kilemba na hijabu huweka kitambaa katikati. Hakuna haja ya mtu kubadili mavazi au nywele kwa ajili ya hedifoni. Mwenye miwani achague mito laini inayobonyea. Mwenye misuko ausogeze upinde mbele au nyuma kidogo mpaka mito ipate mahali patupu. Mwenye hijabu ahakikishe kuwa chini ya mto pana tabaka moja tu la kitambaa chepesi, bila mkunjo wala pini.

Mito nayo hutofautiana kwa kitambaa. Ngozi bandia huziba vizuri na kuipa besi nguvu, lakini hutia jasho, na kwa joto na unyevunyevu wa miji ya pwani kama Tanga, Dar es Salaam na Unguja huanza kubabuka mapema. Mahameli hupitisha hewa na haichomi ngozi, ila huvujisha besi kiasi. Sponji tupu, kama zile za hedifoni ndogo zinazokaa juu ya sikio, ni nyepesi na rahisi kubadilisha, lakini hulala na kukauka haraka. Mlaji achague kulingana na hali ya hewa anayoishi na muda anaosikiliza.

Marekebisho: ngazi tatu

Wapo watumiaji wanaozirekebisha hedifoni zao za bei nafuu na kupata matokeo mazuri. Wapo pia walioziharibu siku ya kwanza. Tofauti mara nyingi iko katika mpangilio wa kazi. Tunashauri mlaji apande ngazi moja baada ya nyingine, na asipande ya juu kabla ya kuimaliza ya chini.

Ngazi ya kwanza: bila kugusa kitu

Anza kwa mkao. Sogeza vikombe mbele kidogo, kisha nyuma, kisha juu na chini, milimita chache kila mara. Sauti itabadilika kwa sababu spika inalielekea tundu la sikio kwa pembe tofauti. Wengi huona kuwa sauti kali hupungua spika inaposogea kidogo kutoka mkabala wa tundu la sikio.

Kisha tumia kisawazishi cha sauti kilichomo kwenye simu. Hedifoni nyingi za bei nafuu za aina hii huwa na ukali katika sauti nyembamba, hasa kati ya kilohezi 6 na 10. Utautambua kwa herufi: s na sh za msomaji wa habari huchoma, na vinanda vya taarabu, hasa fidla, huparuza. Punguza eneo hilo kwa desibeli 3, sikiliza kwa siku mbili, na ukiona haja ongeza upunguzaji mpaka desibeli 6. Penye vidhibiti vitano tu, anza na cha mwisho upande wa sauti nyembamba.

Ukitaka kuongeza besi, usizidishe desibeli 3 au 4, na upunguze kwanza kiwango cha sauti kwa ujumla. Spika ndogo inayolazimishwa kutoa besi isiyoiweza hukoroma. Ngazi hii haina gharama, haiathiri dhamana, na inafutika kwa kubonyeza mara moja. Wapo watakaoridhika hapa hapa.

Ngazi ya pili: yanayoweza kurudishwa

Hapa mlaji hugusa kifaa, lakini kila anachokifanya anaweza kukiondoa na kukirudisha kama kilivyotoka dukani.

Kulegeza upinde. Kama hedifoni inabana na upinde wake ni wa chuma, vishike vikombe viwili viachane juu ya rundo la vitabu lililozidi upana wa kichwa chako kwa sentimita 1 au 2, kisha iache usiku mmoja. Pima asubuhi. Ni afadhali kurudia mara tatu kuliko kuvuta mara moja kupita kiasi, maana upinde uliolegea mno hupoteza besi. Upinde wa plastiki tupu usilazimishwe, huo hupasuka. Hedifoni nyingine zina mkanda unaojipima wenyewe kwa nyuzi za mpira. Ukiona mkanda unavuta vikombe juu na kuumiza utosi, uache ukiwa umenyooshwa kwa kiasi kwa saa kadhaa, lakini usizikate nyuzi hizo.

Kubadilisha mito. Hili ndilo rekebisho lenye faida kubwa zaidi kuliko yote ya ngazi hii. Pima kipenyo cha mto wa zamani kabla ya kununua. Angalia pia kina, ili sikio lisiguse kitambaa kinachofunika spika, kwani kuguswa huko kwa saa nzima huuma. Fahamu kwamba mto mpya hubadilisha umbali kati ya sikio na spika, hivyo sauti nayo itabadilika, na si lazima iwe kwa uzuri. Kwa sababu hiyo usiitupe mito ya zamani.

Kupunguza ukali kwa karatasi. Toa mto, weka tabaka moja la tishu laini lililokatwa duara juu ya uso wa spika, kisha rudisha mto. Tishu hupunguza sauti nyembamba kuliko inavyopunguza besi. Likiwa halitoshi, ongeza la pili. Wengine hutumia duara la sponji nyembamba. Matokeo yake ni makubwa zaidi, hivyo anza na tishu. Isigandishwe kwa gundi. Mto wenyewe utaishikilia.

Kuziba baadhi ya matundu. Kuzunguka spika, chini ya mto, mara nyingi pana matundu madogo ya kupitisha hewa. Kuyaziba kwa utepe wa karatasi, ule wanaotumia wapaka rangi, hubadilisha besi. Muundo mmoja huongeza besi ukizibwa, mwingine hupunguza, hivyo huna budi kujaribu. Ziba tundu moja moja, kwa idadi ile ile pande zote mbili. Usitumie utepe wa plastiki wenye gundi nzito, kwa kuwa gundi yake huyeyuka kwa joto na kubaki ndani ya matundu.

Kwa kila rekebisho, fanya upande mmoja tu kwanza. Piga sauti ya mtu anayezungumza na ulinganishe sikio kwa sikio. Ukipendezwa, fanya upande wa pili, usipopendezwa, ondoa. Usifanye marekebisho mawili kwa pamoja, maana hutajua lipi limesaidia na lipi limeharibu.

Ngazi ya tatu: yasiyorudishika

Kukata, kutoboa, kuchomelea waya na kung'oa wavu ni marekebisho yasiyo na njia ya kurudi. Ushauri wetu ni kwamba mlaji asifanye lolote kati ya hayo kabla muda wa dhamana haujaisha. Dhamana hutolewa kwa kasoro za bidhaa, na muuzaji ana hoja ya kukataa madai ikiwa uharibifu umetokana na mkono wa mnunuzi.

Kuna rekebisho moja la kukata ambalo halina hatari kubwa, kwa sababu kinachokatwa ni mto unaobadilishika. Kwenye hedifoni ndogo ambazo sponji hufunika spika yote, watumiaji hutoboa katikati ya sponji tundu la ukubwa wa sarafu, kipenyo cha sentimita 2.4 hivi. Sponji ikishaondoka kati ya spika na sikio, sauti nyembamba husikika kwa uwazi zaidi. Anayetaka kulijaribu anunue sponji za akiba kwanza, akate hizo, na zile za asili azihifadhi.

Mambo ya kuepuka

Usiguse kiwambo kwa kidole wala kukipuliza kwa mdomo. Ni chembamba mno na hukunjika. Usifanyie kazi mezani penye pini, sindano au vumbi la chuma; sumaku ya spika huvivuta, na chembe moja ikiingia ndani hutoa mkwaruzo usioisha. Unywele mmoja uliogusa kiwambo nao hutoa sauti kama ya spika iliyopasuka; kwa hiyo ukisikia mkwaruzo wa ghafla, toa mto na ukague kabla ya kukata tamaa. Usitumie gundi kali karibu na spika. Usioshe mito ikiwa bado kwenye hedifoni. Mito ya mahameli itolewe, ioshwe kwa maji vuguvugu na sabuni laini, ianikwe kivulini mpaka ikauke kabisa. Ngozi bandia ifutwe jasho kwa kitambaa chenye unyevu mdogo kila baada ya matumizi. Kwa kuwa mgongo wa hedifoni wazi hauzuii vumbi, ihifadhiwe ndani ya mfuko wa kitambaa.

Masikio hayana vipuri

Sauti nzuri huvuta mtu asikilize kwa muda mrefu, na hapo pana hatari. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa zaidi ya vijana bilioni 1 wako hatarini kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza sauti kubwa. Kiwango ambacho shirika hilo na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano wamekiweka kwa vifaa vya kusikilizia ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na desibeli 75 kwa saa hizo hizo kwa watoto.

Kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda salama kwa nusu. Desibeli 83 ni saa 20 kwa wiki, desibeli 86 ni saa 10, na desibeli 89 ni saa 5. Simu nyingi zina mpangilio wa kuweka kikomo cha sauti; mzazi auweke kabla ya kumkabidhi mtoto. Mlaji ajiwekee pia kanuni hii: weka kiwango cha sauti ukiwa mahali patulivu, na usikipandishe kwa sababu ya kelele. Ikiwa kelele imezidi, vua hedifoni usubiri, au hama mahali. Ukisikia mlio masikioni baada ya kuvua, ulikuwa umepitiliza. Mlio huo ukiendelea, nenda hospitali.

Haki zako

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, nayo inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo fulani ilingane na maelezo hayo. Kwa hiyo hedifoni iliyouzwa kwa jina la wazi, ilhali mgongo wake umezibwa, ni bidhaa isiyolingana na maelezo yake. Mlaji ana haki ya kuirudisha na kudai. Maandishi yanayosema kuwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi hayawezi kumwondolea mlaji haki aliyopewa na sheria.

Haki hiyo hutetewa kwa ushahidi. Dai risiti ya kielektroniki na uhakikishe imeandika jina na namba ya modeli, badala ya neno "hedifoni" pekee. Ipige picha, kwa sababu maandishi ya risiti hufifia. Omba kadi ya dhamana iliyogongwa mhuri na kuandikwa tarehe. Hifadhi sanduku mpaka dhamana iishe. Ukigundua kasoro, acha mara moja marekebisho yoyote, irudishe hedifoni katika hali yake ya awali, na umwendee muuzaji ukiwa na risiti. Akikataa kukusikiliza, andika tarehe, jina la duka na maelezo ya kasoro, kisha uyalete malalamiko katika ofisi yetu iliyo karibu nawe.

Tuchukue mfano wa mlaji aliyenunua hedifoni wazi kwa shilingi 90,000. Baada ya wiki moja anaona haina besi na inamchoma masikio, naye anafikiria kununua nyingine ya shilingi 200,000. Akifuata mwongozo huu, atakandamiza vikombe kwanza na kugundua kuwa besi ipo ila inavujia kwenye mikono ya miwani yake. Atanunua mito laini kwa shilingi 20,000, atapunguza desibeli 3 za sauti nyembamba kwenye simu, na ataihifadhi mito ya asili ndani ya sanduku pamoja na risiti. Atakuwa ametumia shilingi 110,000 kwa jumla, ana hedifoni inayomkaa vizuri, na dhamana yake bado iko hai.